Mtani Alivyoukalia Mkebe Wangu wa Picha za Wachezaji

Tulikuwa wanne uani siku ile. Mimi, binti yangu wa kwanza, aliyeolewa Nzega, amekuja kunipakia rangi vyumba, mdogo wangu wa tumbo moja, aliyekuja na treni kutoka Usoke, na jirani yangu Mzaramo, mjane wa mfanyakazi wa reli, ambaye kwetu sisi Wanyamwezi ni mtani. Majina yao yote ninayo, na ya watoto wao pia, ila sitayaandika, wasije wakaninunia.

Mimi nakusanya picha za wachezaji wa mpira, zile kadi ndogo zinazotoka kwenye bigijii za kutafuna. Zamani nilikuwa nauza karanga na bigijii karibu na stesheni. Watoto wanatia bigijii mdomoni, picha wanaiangusha. Nikawa naokota. Mpira wenyewe siujui, na shule niliishia darasa la tatu. Naangalia picha ilivyopangwa, basi. Napenda iwe na ukingo mweupe mpana pande zote, kama khanga ilivyo na pindo, mtu apate pa kukaa. Mchezaji awe ametulia, aonekane mpaka viatu. Jina likae chini, sio kumkata kifuani kama mkanda. Hizi za siku hizi zinametameta, nyuma ya mtu wameweka moto, na juu wamemfyeka utosi. Hizo nazo naziweka, lakini chini kabisa ya mkebe.

Sasa binti yangu alikuwa anatoa vitu nje ili apake rangi. Cha kubaki kinawekwa mlangoni, cha kuchomwa kinapelekwa kwenye shimo la taka. Nikatoka jikoni, nakuta mkebe wangu uko kando ya shimo, na mdogo wangu ameshika kiberiti.

"Mwanangu, huo mkebe wangu."

"Mama, makaratasi hayo yanaita mende. Nitakuletea picha kubwa ya maua, utundike ukutani."

Mtu anakupakia nyumba kwa jasho lake, unaanzaje kumgombeza?

Ndipo mtani akaingia. Binti yangu akamwamkia, akaitikia marahaba, macho yakiwa kwenye mkebe. Akaunyakua, akauweka chini, akaukalia.

"Wanyamwezi nyie! Mizigo ya watu mliibeba kutoka huku mpaka pwani, leo mkebe mmoja umewashinda?"

"Inuka hapo, mla nazi we!" nikamwambia.

"Siinuki. Nimeukuta unatupwa. Ni wangu."

Binti yangu akacheka, akamgeukia mtani. "Chukua tu, mama."

Alidhani yameishia hapo. Kwa utani wetu, kitu akishakikamata mtani hakichomwi wala hakipokonywi, kinakombolewa, na anayekomboa ni yule aliyekitupa. Mdogo wangu akatia kiberiti mfukoni, akamwambia binti yangu, "Umekwisha, mwanangu. Toa jogoo."

Jogoo mwenyewe alikuwa yule ambaye binti yangu aliniletea kitoweo kutoka Nzega! Akamtoa. Mtani akamfunga miguu, lakini bado kakaa palepale.

"Haya, sasa chagua picha anayoipenda mama yako kuliko zote. Ukikosea, unakuja kupaka na kwangu."

Akasogea kidogo, mkebe ukafunguliwa. Binti yangu akachuchumaa, akavuta moja ya zile zinazometameta.

"Huyo anaungua, humwoni?" mtani akapiga kelele. "Nakuhurumia, rudia."

Safari hii alienda polepole, moja baada ya moja. Akasimama kwa mmoja wa jezi nyekundu, mikono nyuma, nafasi nyeupe imemzunguka.

"Huyu. Hajabanwa. Kasimama kama anasubiri kukaribishwa ndani."

Nilipiga makofi kama mtoto. Ndiye! Kisha akaniuliza, "Na huyu, mama, kwa nini umemweka juu?" Nikakaa chini nikamweleza, akauliza na mwingine, mpaka rangi kwenye ndoo ikaota ngozi.

Mtani akaondoka na jogoo, na yule wa moto pia. "Huyu atanichemshia chai," alisema.

Siku hizi binti yangu ananipigia simu kutoka dukani Nzega. "Mama, nimepata mmoja hapa, lakini kiatu kimoja kimekatwa. Nimchukue?"

"Mwache hukohuko."

Mdogo wangu anasema aliyetolewa siku ile alikuwa tetea. Mimi namkumbuka ana kishungi chekundu. Mtani naye anacheka tu, maana ndiye aliyemla. Basi wewe unayesoma, kama ulipita pale uani ukaona vingine, niambie, nitarekebisha.