Habari Ambayo Haikuwa Gazetini

Mke wangu tumemzika juzijuzi. Kifua kilimsumbua, akaenda. Waliokuja kunipa pole walimwita Mama Redio, kwa ile sauti yake. Aliuza magazeti karibu na kituo cha mabasi, juu ya meza ya mbao, mawe yakizuia upepo. Asubuhi mimi nilipokea mabunda garini, yeye akayafungua, akatupia jicho kurasa za mbele, akaanza kuita. Mtu hajavuka barabara, habari imeshamfikia.

Mimi shule sikuiona. Herufi alinifundisha yeye, uzeeni. Zamani zile niliyoyajua ya dunia yalitoka mdomoni mwake, na sikuyatilia shaka.

Basi nieleze asubuhi moja.

Nyuma ya nyumba yetu aliishi binti mmoja, fundi cherehani. Sare za shule za mtaa mzima alishona yeye. Ulimi wake mwepesi. Ukichelewa kufuata nguo anakwambia, "Baba, huyo mtoto ameshakua, niletee mdogo wake." Mumewe alimpiga mpaka akafa, jikoni kwao. Majirani tulivunja mlango, mke wangu akiwa mbele. Tukamkuta ameshakata roho.

Kesho yake mke wangu akafungua bunda la gazeti linalouzika kuliko yote. Akasoma. Akarudia kusoma toka juu. Yeye, aliyezoea kutupia jicho tu! Mara akapanda juu ya kreti la soda, akaita:

"Mwanamume amuua mkewe! Amemuua fundi wetu, mshona sare! Mama wa watoto wawili, hana kosa!"

Watu wakaja mbio, wakanunua. Haukupita muda kondakta mmoja akarudi, gazeti kalifungua mkononi.

"Mama Redio, mbona haimo?"

Nikamdaka mimi. "Kama kusoma hujui, sema usomewe. Usituharibie biashara."

"Mzee wangu, kusoma najua. Hapa wameandika, Simu Yamponza Mrembo."

Watu wakaangua kicheko. Nikamgeukia mke wangu anitetee.

"Ndivyo walivyoandika," akasema.

"Na hiyo yako umeitoa wapi?"

"Jikoni kwao."

Akanisomea yote. Mume alikuwa mpole, mchapakazi, kipenzi cha majirani. Kipenzi cha nani? Sisi ndio majirani. Binti hakutajwa jina, wala cherehani yake. Mrembo, basi. Picha ya harusini, rangi mdomoni. Ati mume aliona ujumbe kwenye simu ya mkewe, na simu ndiyo iliyoua, ungedhani ina mikono.

Wakala wa gazeti akapata habari, akaja na pikipiki, jasho linamtoka.

"Mama, unaita nini? Ita kilichoandikwa."

"Andikeni kilichotokea, nitakiita."

"Wateja wanataka hivi."

"Wateja hawa hapa. Waulize."

"Wewe kazi yako kuuza, siyo kuandika. Ukiita tena hivyo, kuanzia kesho gazeti hili hulipati."

Gazeti lile ndilo lililotulisha. Mengine yalinunuliwa ya kufungia sabuni. Nikamvuta mkono.

"Mke wangu, funika kombe mwanaharamu apite."

"Mwanaharamu mwenyewe huyu hapa," akasema, kidole juu ya gazeti, "wamemwita mpole."

Tukiwa katika kuvutana, watu wakatupisha njia. Mama mzazi wa yule binti alikuwa anakuja, ametoka hospitali kumtazama mwanawe mochwari, wanawake wawili wamemshika huku na huku. Akasimama mbele ya meza.

"Nimeambiwa unaita habari za mwanangu."

"Ndiyo, dada yangu."

"Tangu nimeamka kila mtu ananiuliza simu, simu ilikuwa na nini. Hebu ita tena, na mimi nisikie."

Wakala akasema, "Mama Redio, nimeshakuonya."

Mke wangu hakumtazama. Na mimi hakunitazama, ingawa nilikuwa nimemwachia mkono. Akapanda juu ya kreti, akaita vilevile, ila safari hii alianza na jina la binti, na la baba yake, akaongeza na kazi ya binti, na nani aliyemuua. Mabasi yalikuwa yananguruma, lakini sauti ilipita juu yake.

"Ndiye huyo," mama yule akasema. "Huyo ndiye mwanangu."

Wakala akakusanya nakala zilizobaki, akazifunga nyuma ya pikipiki. Gazeti lile halikurudi tena mezani kwetu, na sisi hatukwenda kuliomba.