Betri ya Gari la Amur

Petroli Amur alikuwa nayo. Hilo lisemwe mapema, maana watu wa mtaa wa Asiatique walipolisimulia jambo hili baadaye walimfanya mtu asiyejali, na huo ni uongo mtupu. Mwaka ule nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, petroli ikiuzwa kwa chupa za bia pembeni mwa barabara, na Amur alizunguka Bujumbura nzima miezi miwili mpaka akapata jerikani ya lita ishirini. Aliificha kibandani nyuma ya nyumba, akaifunika gunia, akamwambia mkewe Jokha: “Hii ni ya siku yako. Hata akija nani kuiomba, siigusi.” Na kweli hakuigusa.

Jokha alikuwa na mimba ya miezi saba. Walikuwa wameoana miaka minane, na mimba tatu za kwanza zote hazikupita mwezi wa tatu. Hii ya nne ilipokaa, Jokha aliacha hata kuitaja kwa sauti, na Amur akawa anamfuata nyuma akipanda ngazi mbili za barazani.

Kazi ya Amur ilikuwa kutoa mizigo ya watu bandarini, kazi ya makaratasi na mihuri ya forodha. Lakini mashua za Kigoma zilikuwa haziji tena. Kila asubuhi alivaa shati lililopigwa pasi, akachukua faili lake, akaenda kukaa na makuli waliolala juu ya magunia matupu. Saa nne ashafika nyumbani. Mwanamume wa miaka thelathini na sita, mzima wa afya, yuko nyumbani saa nne asubuhi hana la kufanya! Jamani, hiyo ni hali ya kumwombea mtu dua.

Ndipo akaikumbuka mashine. Kaka yake Moosa alikuwa ameileta kutoka Maskati kabla mipaka haijafungwa: mashine ya michezo ya televisheni, yenye mpira wa miguu, na padi ya kushika mikononi. Mwanzoni ilikuwa starehe yao wote wawili. Baada ya sala ya alasiri Amur anacheza mechi moja, Jokha amekaa kwenye mkeka anachambua mchele na kumchagulia rangi za jezi. Akifungwa, Jokha anacheka mpaka anashika tumbo. Risasi zikisikika kutoka vilima vya upande wa Kanyosha, wanaongeza sauti ya televisheni kidogo, wanaendelea. Nani angewalaumu? Mtu lazima apumue.

Basi mechi moja ikawa mbili, mbili zikawa mchana kutwa. Asubuhi akaacha hata kwenda bandarini. Chai inapoa pembeni yake, ndevu zinaota, na macho yamekuwa mekundu. Jokha akimwita anajibu, “Hii ya mwisho tu.” Jokha naye, ambaye hakuwa mtu wa kukaa kimya, alimuuliza siku moja, “We Amur, hiyo ya mwisho ina ndugu wangapi?” Amur alicheka, akabonyeza tena.

Sasa sikia shida ilipoanzia. Umeme ulikuwa wa zamu, leo mtaa wenu, kesho wa wenzenu. Siku ya giza watu wengi walichomoa betri ya gari na kuwashia redio au televisheni, na Amur alikuwa na kisanduku cha kugeuza umeme wa betri kilichoweza kuwasha vyote viwili, televisheni na mashine. Lakini gari lenyewe lilikuwa halitembei, kwa sababu petroli inatunzwa. Gari lisilotembea halijazi betri yake. Kwa hiyo kila baada ya siku chache ilibidi betri ipelekwe kwa Massoudi fundi ikajazwe, na Jokha aliweka sharti moja tu: adhana ya alasiri isikute betri ndani ya nyumba, ili likitokea lolote usiku gari liwe tayari.

Alhamisi hiyo hapakuwa na umeme. Amur alikaa kwenye mashine tangu asubuhi, na mchana akafika fainali. Akiwa kipindi cha pili, picha ya televisheni ikaanza kujikunja pembeni, ikawa ndogo, na mstari mweusi ukaingia kila upande. Kila mtu mjini aliijua dalili ile: betri inakwisha. Amur aliiona, hawezi kusema hakuiona. Alisogeza kiti karibu na kioo, akamaliza fainali yake. Akashinda, loo, mabao manne kwa mawili! Kisha akachomoa betri, akairudisha kwenye gari, akafunga vizuri na spana, na adhana haijalia bado.

“Betri imerudi?” Jokha aliuliza kutoka jikoni.

“Imerudi.”

Alipanga kuipeleka kwa Massoudi kesho yake. Siku ya Jokha ilikuwa bado wiki nane.

Saa kumi na nusu Jokha alishika ukingo wa meza, na maji yakamwagika miguuni. Amur alikimbia ng’ambo ya barabara kumwita Ernestine, mkunga mstaafu, mwanamke mnene asiyeharakishwa na kitu. Ernestine alimpapasa Jokha tumbo, juu, chini, pembeni, na uso wake ukabadilika.

“Mutoto amelala kinjia-njia, kichwa kiko pembeni,” alisema. “Apa nyumbani apana. Huyu ni wa kupasuliwa. Bwana Amur, washa gari, tuende sasa hivi.”

Amur alikaribia kufurahi: siku ya petroli yake imefika. Alileta jerikani, akamimina petroli yote bila kumwaga tone. Walimlaza Jokha kwenye kiti cha nyuma. Amur akazungusha ufunguo. Gari lilitoa mlio mdogo, tik, likanyamaza. Akazungusha tena. Tik. Mara ya tatu hata huo mlio haukuja.

Zénon, jirani yao aliyefanya kazi posta, alitoka na fulana akafungua boneti. “Bwana Amur, mi sioni moto hapa hata kidogo. Betri imekufa kabisa.”

Kutoka kiti cha nyuma Jokha alisema, polepole, “Si ulisema imerudi?”

“Tusukume,” Amur alisema, akashuka.

Walisukuma. Amur alishika usukani kwa nje, tayari kuruka ndani kutia gia, Zénon na Ernestine nyuma. Gari likabingirika mpaka kona, likakohoa mara moja, likafa. Wakaligeuza, wakasukuma tena. Saa moja ya jioni marufuku ya kutembea inaanza, na milio ya risasi ilikuwa imeshaanza upande wa vilima, kwa hiyo kila mtu alipita mbio akiwahi kwake. “Ndugu zangu, saidieni! Mke wangu anakufa!” Amur alipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Wawili walisimama, wakasukuma hatua kumi, wakatazama jua, wakaomba radhi wakaenda. Ndani ya gari Jokha alikuwa halii tena, anauma ncha ya mtandio, na hilo lilimtisha Amur kuliko kilio.

Mwishowe Zénon alikimbia kwa miguu hadi kwa Massoudi. Duka limefungwa. Akakimbia nyumbani kwa fundi, mtaa wa Buyenzi, akarudi na betri begani, tindikali imeichoma fulana yake. Gari likawaka. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika ishirini. Kwenye kizuizi askari alimulika ndani, akamwona Jokha, akainua kamba haraka bila kuuliza karatasi.

Hospitali walimpasua papo hapo. Amur alisimama ukumbini, mikono myeusi kwa grisi, akisoma kila dua aliyoijua na nyingine akizichanganya. Ernestine ndiye aliyetoka.

“Mama yuko,” alisema.

“Na mtoto?”

“Binti. Amevuta pumzi kidogo, mara tatu, ine. Amechoka, Bwana Amur. Amengoja sana.” Kisha, kwa sababu hakuwa mtu wa kuficha, akaongeza, “Daktari anasema mungefika saa kumi na moja na nusu, angemupata muzima.”

Walimwita Dalia. Asubuhi Amur alimbeba mwenyewe makaburini, na hakukubali kupokewa na mtu. Zénon, Mkristo, alisimama nyuma ya wanaume waliokuwa wakisali, kofia mkononi, akalia kuliko wote.

Jokha alirudi nyumbani baada ya siku kumi na mbili. Siku hiyohiyo Amur aliichukua mashine akaipeleka uani, akaiweka juu ya jiwe la kufulia, akainua mchi wa kinu.

“Weka chini,” Jokha alisema. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye mshono.

“Niache niivunje, Jokha. Niache.”

“Uivunje halafu? Kesho utaambia watu mashine ilimuua mutoto. Mi sitaki kuishi na uongo huo humu ndani. Nani alitoa betri kwenye gari?”

“Mimi.”

“Nani aliona picha inakunjika?”

Hakuwahi kumwambia hilo. Lakini kila mtu aliijua dalili ile. “Mimi,” Amur alisema, akakaa chini kwenye saruji na mchi mapajani, akalia bila kujificha.

Jokha alimwacha alie. Kisha akasema masharti yake, bila kupaza sauti. Asubuhi aende bandarini, kuwe na mashua au kusiwe. Siku ya umeme, baada ya alasiri, mechi moja, yeye amekaa pale anamtazama. Betri isiguswe. Na kila jioni awashe gari, wasikie wote wawili kwamba linawaka.

“Siwezi kucheza tena.”

“Utacheza. Utajifunza kuacha.”

Jumamosi umeme ulikuja. Betri ilikuwa imejazwa kwa Massoudi, imefungwa mahali pake. Amur alicheza mechi yake moja, akafungwa tatu bila. Jokha alikuwa kwenye mkeka na sinia la mchele, hakuchambua hata punje. Kipenga cha mwisho kilipolia Amur alizima mwenyewe, akachukua ufunguo, akatoka.

Gari liliwaka mara moja.

Ndani, sinia lilianguka, mchele ukatawanyika sakafuni. “Zima!” Jokha alipiga kelele. “Leo ndiyo linawaka? Zima hilo gari, Amur, zima!”

Amur alikaa akilisikiliza linavyonguruma vizuri. Kisha akazima, akaingia ndani kumsaidia kuokota mchele.