Sikio la Fundi Otuoma

Pale Mirongo, jijini Mwanza, kwenye uwanja wa gereji ulio nyuma ya maduka ya vipuri, Fundi Otuoma alijulikana kwa sikio lake. Wenzake walikuwa na vifaa vya kusoma kompyuta ya gari; yeye alikuwa na bisibisi ndefu. Ncha aliigusisha kwenye injini, mpini akaubana sikioni, akafumba macho, halafu akataja ugonjwa. Kuna mwaka dereva mmoja alilitoa basi lake stendi ya Nyegezi likiwa na abiria ndani, ili Otuoma alisikilize tu. Akalisikiliza, akasema beringi, na kweli ikawa beringi. Habari hiyo aliisimulia mwenyewe kwa miaka kumi na minne, na kila mwaka abiria wa basi lile waliongezeka.

Shida ni kwamba sikio lenyewe lilikuwa limekufa. La kulia lilikwisha kabisa, la kushoto lilikuwa la kubahatisha. Miaka arobaini ya kuinamia malori yasiyo na ekzosi na kukata vyuma bila kuziba masikio ilikuwa imefanya kazi yake, na Otuoma, mwenye miaka hamsini na tisa, alilijua hilo vizuri. Alijua pia kwamba fundi wa sikio asiyesikia ni sawa na kinyozi anayetetemeka mikono: hakuna atakayemletea kichwa. Basi akaficha. Akajifunza kuitikia kwa kutikisa kichwa, na kucheka wenzake wanapocheka. Kwa mtindo huo siku moja alitoka kanisani akiwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa vyoo, na mpaka leo hajui alikubali saa ngapi. Mkewe, Agutu, alipolalamika kwamba redio yao inasikika hadi kwa jirani, alimjibu kwamba siku hizi redio zinatengenezwa dhaifu.

Jumatatu moja akaja Champaben. Alikuwa mjane wa miaka sabini na sita, na bado aliendesha mwenyewe gari dogo jeupe la mwaka tisini na nne aliloachiwa na marehemu mumewe, Jitesh. Huyo Jitesh ndiye aliyempokea Otuoma alipofika Mwanza kutoka Shirati akiwa na miaka kumi na tisa, akamweka kwenye malori yake ya kubeba pamba kutoka Magu. Ufundi wote aliupatia humo. Asingeweza kushindwa na gari hili na bado akajiita fundi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Angalia gari lako hili. Nasimama kwenye mataa, sijakanyaga mafuta, linanguruma kama linataka kunipeleka Musoma. Halafu linatetemeka mpaka meno yanagongana. Mwanangu Yash anasema nikaliuze chuma chakavu."

"Hili haliuzwi," akasema Otuoma, akafungua boneti.

Mshale wa mizunguko ya injini, ambao gari likitulia hupaswa kuwa chini ya elfu moja, ulikuwa umesimama kwenye elfu moja na mia nane, ukichezacheza. Otuoma akachukua bisibisi yake. Mafundi wote uwanjani wakanyamaza kama kawaida yao, kwa adabu. Akasikiliza kwa muda mrefu, na kwa kweli alisikia kitu: mapigo ya moyo wake mwenyewe.

"Plagi," akasema.

Jumanne akaweka plagi nne mpya, na gari likatetemeka kwa nguvu mpya. Jumatano akasema ni uchafu. Akafungua sehemu ya injini inayovuta hewa, akaisugua kwa petroli na mswaki mzee mpaka ungeweza kuinywea chai. Mshale haukusogea. Alasiri akaihukumu sensa ya kupima hewa. Ikabadilishwa, na ikaonekana haikuwa na hatia. Hapo Mhoja, fundi umeme aliyefanya naye kazi mwaka wa nane sasa, akasogea taratibu.

"Mzee, vipi tukipulizia ile dawa ya kabureta kwenye mipira ya hewa? Kama kuna uliopasuka, injini itaivuta dawa na mshale utaruka tu."

Lilikuwa shauri jema. Mpira ukipasuka, injini huvuta hewa ya wizi kupitia ule ufa. Mizunguko hupanda, na gari hutetemeka. Otuoma aliyajua hayo tangu enzi za malori ya pamba. Lakini alikuwa ametamba mbele ya watu, tena si mara moja, kwamba kupulizia dawa ni kazi ya wasio na masikio. Sasa angeanzia wapi?

"Mipira nimeshaisikiliza," akasema.

Alikuwa ameisikiliza kama mtu anavyosikiliza ukuta.

Alhamisi akafanya la kujimaliza. Badala ya kutafuta ugonjwa, akakaza skrubu ya mizunguko mpaka mshale ukarudi panapotakiwa, akanawa mikono, akampigia Champaben simu kwamba ilikuwa skrubu tu, aje achukue gari. Champaben akalichukua. Likamzimikia kwenye mataa, magari yakimpigia honi nyuma, na likarudishwa gereji likisukumwa na wauza ndizi watatu. Otuoma aliwaona wakikunja kona, akatamani angekuwa chini ya lori lolote.

Champaben akashuka bila kufoka, na hilo ndilo lilimuumiza zaidi. "Rudisha hiyo skrubu ilivyokuwa," akasema. "Halafu washa."

Otuoma akarudisha, akawasha. Champaben akasimama mbele ya boneti, akainamisha kichwa.

"Fundi, huo mlio ni wa nini?"

"Upi, mama?"

"Huo unaofyonza. Kama presha kuka yangu ya maharage inapoanza kupata moto." Akanyoosha mkono wenye bangili hadi kwenye mpira mnene unaotoka kwenye injini kwenda kusaidia breki. "Hapa chini."

Otuoma akapitisha kidole gumba chini ya mpira. Kidole kikavutwa. Palikuwa na ufa wa urefu wa punje ya mchele, na alipouziba, mshale ukashuka, mtetemo ukaisha, gari likatulia palepale.

"Hapo ndipo nilipokuwa naelekea," akasema.

Champaben akamtazama. Kisha akasogeza mtandio, akamwonyesha kidude cha rangi ya ngozi kilichokaa nyuma ya sikio lake. "Mwaka wa tatu huu. Bila hiki hata gari lenyewe silisikii. Wewe ni la kulia tu, au yote mawili?"

Otuoma akachukua tambara, akaanza kufuta mikono iliyokuwa safi.

"Jitesh alificha kisukari miaka sita," akasema Champaben. "Hakutaka watu wa sokoni wamwone mzee. Basi alifanikiwa, fundi. Hakuzeeka."

Otuoma alimlilia Jitesh kuliko alivyomlilia baba yake mzazi. Aliona aibu, na pamoja na aibu akaona hofu. "La kulia," akasema mwishowe. "Na la kushoto linalifuata."

"Daktari wangu anakuwepo Jumanne. Nitakupitia saa tatu."

Mpira mpya ulifungwa kwa nusu saa. Champaben alipoondoka, gari likienda kimya hata kwa wenye masikio, Otuoma akamfuata Mhoja, aliyekuwa ameinamia betri.

"Mhoja, acha hicho kwanza. Kuna jambo nimelificha. Mimi sisikii vizuri."

Mhoja akalitazama koleo lake. "Tunajua, mzee."

"Mnajua nini?"

"Masikio. Tangu mwaka juzi. Unadhani ni nani aliyekihamisha kiti chako, ukuta ukakaa kulia kwako? Tulitaka kila anayekuja akutokee kushoto."

Otuoma akageuka kukitazama kiti chake. "Na mlio wa ule mpira?"

"Tuliusikia Jumatatu. Gereji nzima. Hata Evelina wa chai aliuliza kama kuna tairi linapungua."

"Mkanyamaza siku nne?"

"Ulisema plagi, mzee. Nani angekwambia siyo?"

Otuoma alitaka kukasirika, akatafuta wa kumkasirikia, akamkosa. Kila mmoja alikuwa amemheshimu ipasavyo, na heshima hiyo ndiyo iliyomzimisha mama wa watu katikati ya mataa. Miaka miwili alijiona analinda siri. Kumbe siri ilikuwa ya gereji nzima, na aliyekuwa akifichwa ni yeye. Kicheko kikamtoka kabla hajakizuia, na machozi kidogo pamoja nacho.

"Basi Jumanne sipo," akamwambia Mhoja. "Naenda kupimwa masikio. Usiwaambie watu."

Alidhani ananong'ona. Ng'ambo ya barabara Luhende, fundi cherehani, akainua kichwa na kumjibu, "Uende salama, mzee." Otuoma hakusikia. Ikabidi Mhoja azunguke hadi upande wa kushoto, ayarudie maneno hayo.