Shikamoo Iliyogandisha Seva

Jamani, mmewahi kuona kuku ameganda hewani?

Mimi nimeona. Jumamosi, saa tisa alasiri, kwenye skrini ya ofisini. Kuku wa kahawia alikuwa anaruka uzio, akafika katikati, akabaki hapohapo. Mabawa wazi, mdomo wazi.

Nikadhani ni kompyuta yangu. Nikaipiga kofi. Msinicheke, mimi ni mtengeneza programu za gemu na bado napiga kompyuta makofi.

Mwenzangu Mchoraji, ndiye aliyewachora hao kuku, akageuka kitini.

"Dada, wangu nao wameganda."

"Wangapi?"

"Wote. Na watu pia."

Ngoja niwaeleze taratibu, maana mkinisikiliza juujuu mtasema nimechanganyikiwa.

Gemu letu ni la kijiji. Watu mia tatu wanaingia kwa mtandao, wanalima, wanafuga, wanakutana sokoni. Kazi yangu ilikuwa seva, ile kompyuta inayowaunganisha wote. Ndani ya seva kuna nyuzi kumi na sita. Uzi, kwa lugha yetu ya kazini, ni kama kibarua: unashika shughuli ya mchezaji mmoja, ukiimaliza unarukia ya mwingine. Vibarua kumi na sita, wachezaji mia tatu, kazi inakwenda.

Halafu kuna plagini. Hivyo ni vipande vidogo vya programu unavyochomeka kwenye seva kuongeza jambo jipya. Ukitaka mvua kijijini, unachomeka plagini ya mvua.

Bosi alitupa sharti. Seva ikae siku saba bila kuzimwa hata mara moja. Siku ya saba, saa kumi na moja jioni, yeye mwenyewe aingie gemuni atembee kijijini. Ikishindikana, gemu linatupwa, na sisi wawili tunahamishiwa kitengo cha kutengeneza fomu za likizo. Akatuwekea na saa kubwa ukutani tusije tukajisahau.

Siku ya saba ndiyo hiyo. Zilibaki saa mbili.

Nikafungua kumbukumbu za seva. Nilihangaika zaidi ya saa nzima mpaka nikaona: nyuzi zote kumi na sita zimesimama mahali pamoja. Kwenye plagini ya salamu.

Hiyo niliiandika mimi, tena kwa majivuno. Wachezaji wawili wakikutana uso kwa uso, mdogo anabonyeza Shikamoo, mkubwa anabonyeza Marahaba, ndipo wanapishana. Seva inajuaje nani mdogo? Inaangalia tarehe za kuzaliwa walizojaza. Kama wewe ni mdogo, unaambiwa usalimie. Kama si mdogo, unaambiwa usubiri.

Sasa pale sokoni walikuwa wamesimama wawili. Tarehe moja, mwezi mmoja, mwaka mmoja.

Huyu si mdogo, anasubiri. Yule si mdogo, anasubiri. Anayekuja nyuma hapiti mpaka asalimiane nao, naye anasubiri. Kila anayesubiri amekalia uzi mmoja. Kufika wa kumi na sita, vibarua wakaisha, na kuku akabaki hewani.

"Si uichomoe hiyo plagini?" Mchoraji akauliza.

"Haichomoki kama kuna mtu ndani yake."

"Basi zima, washa."

Nikamwonyesha saa ya ukutani.

Dawa ilikuwa moja. Vitufe walikuwa navyo wote wawili, basi mmoja wao akubali tu kubonyeza Shikamoo. Nikatazama majina yao ya gemu. Mmoja anaitwa Mkubwa Halisi. Mwingine anaitwa Nilitangulia Mimi.

Nikasoma ile tarehe tena, safari hii taratibu.

Ilikuwa tarehe ya kuzaliwa ya mama yangu.

Mama yangu ni pacha. Siku waliyozaliwa, nesi aliwaogesha pamoja, akawavika nguo za aina moja, akawalaza kitanda kimoja, na tangu hapo hakuna binadamu anayejua nani alitangulia. Watu wengine wangecheka yakaisha. Hawa, wapi! Nikimwita yule pacha mama mdogo, ananuna yeye. Nikimwita mama mkubwa, ananuna mama yangu. Utotoni nimekula makofi ya pande zote mbili. Mwishowe nikawa namwita Mama wa Pale, kwa sababu anakaa pale, upande wa pili wa ukuta, nyumba hiyohiyo.

Walikuwa hawajasemeshana miaka minne. Kisa, harusi ya kaka yangu. Mshereheshaji alisoma kwenye kipaza sauti, "Na sasa tumkaribishe mama mdogo wa bwana harusi!" Mama wa Pale akainuka, akabeba kiti alichokalia, kiti cha kukodi, akatoka nacho ukumbini watu wote wakitazama.

Gemuni niliwaingiza mimi, kila mmoja kwa siri yake, nikihitaji watu wa kunijaribia. Kijiji kikubwa kile, niliona hawatakutana.

Nikampigia mama.

"Mama, uko kwenye gemu?"

"Niko. Kuna mtu hapa hana adabu."

"Naomba ubonyeze Shikamoo."

"Nani, mimi? Nimwamkie yule?"

"Mama, kazi yangu inaondoka!"

"Mwambie yeye. Kwani hana vidole?"

Akakata simu.

Nikamwachia Mchoraji kazi ya kumzuia bosi, nikatoka mbio kwenda nyumbani. Mwendo wa dakika ishirini nilitumia kumi na moja, na kiatu kimoja nilikirudia kesho yake.

Mama wa Pale nilimkuta sebuleni, simu ameiegemeza kwenye chupa ya chai, mikono kifuani, anaikodolea macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unaona? Wewe una adabu. Mtazame huyu."

Kwenye skrini, mwanamke wa kuchorwa amesimama na kapu. Nyuma yake foleni imetoka mpaka nje ya soko, na juu ya uzio yule kuku bado yuko hewani.

"Unamjua ni nani?"

"Nitaachaje kumjua? Maharage amepanda mistari imepinda. Tangu tuko wadogo hajui kunyoosha mstari. Siku ya sita leo nampitia hapa sokoni, namkosa."

"Ulikuwa unamtafutia nini?"

"Aniamkie."

Sauti ikapenya ukutani. "Na mimi niulizwe, nilikuwa namtafutia nini!"

Ni mama yangu. Sikio alikuwa ameligandisha ukutani muda wote.

Simu yangu ikatetemeka, ujumbe wa Mchoraji: bosi anapanda ngazi. Zilibaki dakika kumi.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo nilikuwa nimelikwepa miaka minne. Nikapiga magoti katikati ya zulia.

"Mama, ile karatasi ya mshereheshaji niliiandika mimi. Yeye alisoma tu. Nilianza kuandika mkubwa, nikaona nafasi haitoshi, herufi moja ingetoka nje ya mstari. Nikafuta, nikaandika mdogo."

Niliogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa bosi.

"Herufi moja?" Mama wa Pale akauliza.

"Moja."

"Miaka minne nasingiziwa mimi ndiye niliyemtuma!" ukuta ukapiga kelele.

Mama wa Pale akaugeukia ukuta. "Kwa nini hukuniambia si wewe?"

"Ningekuambiaje na huniamkii?"

Machozi yalimlenga Mama wa Pale, nikayaona. Akanyoosha kidole, akabonyeza.

Shikamoo, ikajiandika juu ya kichwa cha mchezaji wake.

Shikamoo, ikajiandika sekunde ileile juu ya kichwa cha mchezaji wa mama.

Kuku hakusogea!

Nikashika kichwa. Plagini yangu inasema aliyesalimu asubiri aitikiwe. Wote wamesalimu. Wote wanasubiri.

"Mmoja aitikie! Yeyote!"

"Aitikie yeye," Mama wa Pale akasema kwa upole wa kuudhi. "Yeye ndiye mkubwa."

"Mkubwa ni yeye!" ukuta ukajibu. "Mimi namheshimu tu!"

"Mkubwa ni wewe, dada!"

"Ni wewe!"

Maisha yangu yote wamegombania ukubwa, wamekuja kuukataa zikiwa zimebaki dakika nne.

Nikapitisha mkono mbele ya Mama wa Pale, nikabonyeza Marahaba kwa kidole changu mwenyewe.

Kuku akatua. Foleni ikatembea.

"Nani kaitikia?" mama akauliza.

"Mimi!" nikajibu.

"Basi mkubwa ni wewe, bibi. Shikamoo!"

Wakacheka, mmoja huku, mwingine kule, kicheko kimoja. Nilikaa kwenye zulia nikalia kama mtoto.

Bosi aliingia kijijini saa kumi na moja kamili, akanunua mayai, akatoka. Gemu likapona.

Jumatatu nikafungua plagini niirekebishe. Pembeni ya mstari wenye kosa nikakuta maneno niliyojiandikia mwenyewe: "Watu wawili kuwa sawa kabisa: haitatokea."

Mimi! Mtoto niliyekula makofi ya mapacha tangu nazaliwa!

Ninyi mnaoandika programu, au karatasi za harusi, siku mkitaka kuandika haitatokea, kwanza rudini nyumbani mkatazame nani amekaa sebuleni. Na kosa lako liseme mapema, usingoje kuku agande.

Mama zangu wametoboa mlango kwenye ule ukuta. Fundi alimaliza jana, na mimi nikapewa kubeba trei ya chai ya kuuzindua.

"Tangulia wewe, dada."

"Hapana, wewe tangulia, mkubwa."

"Wewe kwanza."

Nimesimama nyuma yao na trei mpaka chai imepoa.