Siku Niliyoikalia Silabi

Aibu yangu ina herufi mbili tu, na wenzangu wa Kisauni mpaka leo wakiniona nimevaa kanzu nyeupe huniuliza kama nimejikagua nyuma, basi heri niisimulie mwenyewe kabla hawajaitia chumvi (kazi hiyo naiweza peke yangu).

Vita vikubwa vilikuwa bado vinapiganwa, na binti yangu Kadzo alikataliwa shule kwa sababu alipopitisha mkono juu ya kichwa vidole havikufika sikio la upande wa pili, na hicho ndicho kilichokuwa kipimo cha umri. Mimi niliyehitimu shule ya jioni (darasa zima niliwaacha nyuma, wengine hawajafika hata sasa) nikamwambia mwalimu mkuu kwamba mtoto huyo anawashinda makarani wa bandarini kwa kusoma, na asiponiamini aje nyumbani Jumamosi.

"Nitakuja," akasema. "Akisoma, nafasi iliyobaki ni yake. Asiposoma, atangoja mkono urefuke."

Na Kadzo alikuwa akisoma kweli, maana nilimfundisha kwa michezo: hesabu kwa kokwa za ukwaju, na kusoma kwa vifuu vya nazi, kila kifuu na silabi yake, naye huvipanga mkekani kuandika jina la kitu anachokiona. Asubuhi ile, nikitaka kumpendeza mgeni, nikaviandika upya vyote kwa masizi ya sufuria na mafuta ya nazi, vikang'aa kama viatu vya askari.

"Baba Kadzo, hayo hayajakauka," mke wangu akasema, "na wewe umevaa kanzu."

Nikamwambia mambo ya elimu aniachie mimi.

Mwalimu akaja, na majirani (niliwaalika mwenyewe, nusu ya Kisauni) wakajaa barazani. Kadzo akaandika kiti, akaandika kapu, akaandika kuku, nami kifua kikavimba mpaka vifungo vikalalamika. Mwalimu, joto limemzidi, akavua kofia, na kichwa chake kikawaka kama sahani iliyosuguliwa.

"Vizuri, mwanangu. Sasa andika kitu ambacho hukukiona nilipoingia."

Kadzo akamtazama. Akaweka ki. Akaweka pa. Nami nikakiona kifuu cha tatu kando ya goti langu, nikajisogeza polepole, nikakikalia (nundu ya kifuu haina huruma, nawaambia).

"Kipande," nikawahi. "Mwalimu, anataka kuandika kipande, kitambulisho cha kazi kama hiki changu cha mfukoni."

"Sio kipande, baba. Natafuta ra. Umeikalia."

"Hebu simama, bwana," mwalimu akasema.

Nikasimama, nikageuka kukiokota kifuu, na hapo ndipo nilipowapa wote mgongo, na chini ya mgongo. Kadzo akanyoosha kidole kwenye kanzu.

"Hiyo hapo. Imegeuka, lakini ni ra."

"Kipara," baraza zima likamalizia.

Mwalimu alijipapasa kichwa, akaivaa tena kofia yake.

"Mtoto anayesoma herufi zilizopinduka, tena hasemi uongo," akasema, "simngojei mkono. Jumatatu aje. Lakini aletwe na mama yake."

Ile ra haikutoka kwa sabuni wala kwa ndimu, na kanzu sasa ni ya shamba. Wazazi wenzangu, wafundisheni watoto kwa michezo, faida yake nimeiona kwa macho. Mimi nimeapa mambo mawili tu: masizi yakauke kwanza, na mtoto akishalianza neno, nimwache alimalize.