Machela Mlangoni pa Ofisi

Weka hiyo simu chini kwanza, mwanangu. Mkeo yuko karibu kujifungua, ndiyo maana nimekuita. Siku ile tuliyomteremsha dada yangu Biira kutoka huku kwetu Kyarumba naikumbuka mpaka leo, na mpaka leo damu inanichemka.

Nilikuwa msichana, sijaolewa. Biira alikuwa na mimba kubwa, malaria ikampanda kichwani, akaanza kuita watu waliokwisha kufa. Unajua desturi yetu ya mlimani: mgonjwa akishindwa kutembea, unapigwa ukelele, na kila nyumba inatoa mwanamume wa kubeba machela ya mianzi. Basi wakaja wote, hata wale waliogombana na baba kwa ajili ya mpaka wa shamba. Wakapokezana mabegani kwenye ule mteremko, mvua inanyesha, na hakuna aliyeteleza. Sisi wanawake tulifuata nyuma na blanketi na masufuria.

Tukafika hospitali ya serikali kule bondeni. Jina lake sikutajii, maana za namna hiyo ziko nyingi. Nesi akamtazama Biira, akatutazama na sisi, akasema, "Kwinini hakuna. Hata maji ya dripu hakuna. Mukanunue kwenye duka ile ya ng'ambo ya barabara."

Sasa sikia tulichofanya. Tulikubali! Hakuna aliyeuliza hata neno moja. Wanaume wakavua kofia, kila mtu akatia alichokuwa nacho, na tukaona fahari jinsi tunavyosaidiana. Mbio mpaka dukani, tukakuta kufuli mlangoni. Mwenye duka alikuwa amekwenda soko la Bwera. Sisi tukamngoja. Biira hakumngoja. Alikufa pale barazani, na mtoto tumboni, pesa ya dawa iko mkononi mwa baba.

Wakambeba tena, safari hii kupanda. Siku ya mazishi watu wakawa wanawashukuru wabebaji, "Wasingya, wasingya," wanapeana mikono, eti tumejitahidi, yaliyobaki ni mapenzi ya Mungu. Hapo nyanya yetu Kabugho akasimama. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuitia mbuzi walio ng'ambo ya bonde.

"Mungu gani? Munamusingizia Mungu! Mulimubeba kwenda, mulimubeba kurudi. Iko mutu moja aliuliza dawa iko wapi? Mumezoea kubeba. Serikali imeona munabeba vizuri, ikawaachia mubebe mpaka kazi yake."

Katekista akakohoa. Na mimi niliyekuwa nikilia nikaacha kulia.

Matanga yalipoisha, nyanya akawaamuru wabebaji walewale wachukue machela tupu, tukashuka nayo sote. Hospitalini hakwenda kwa nesi. Alipita moja kwa moja mpaka mlango wa mkuu wa hospitali, akaiweka machela kizingitini, akaketi kando yake. Mkuu akatoka, tai shingoni, akashindwa kupita.

"Mama, mimi nitafanya nini? Pesa ya dawa imechelewa Kampala. Na makasha yanafungwa hukohuko, hospitali zote sawasawa. Mimi nimejaziwa dawa ya minyoo tu."

"Uliwaambia huku malaria inaua watu?"

Akaanza kueleza mambo ya bajeti. Nyanya akaipigapiga ile mianzi. "Basi lala hapa, afande. Sisi tunajua kubeba. Tutakubeba mpaka Kampala ukawaambie."

Watu walicheka, yeye hakucheka. Akatazama viatu vyake. "Sikuwaambia," akasema. "Hakuna mtu amewahi kuja kuniuliza."

Yaani hakuomba! Siku hiyohiyo akapanda gari kwenda Kasese kupiga simu, na baadaye kwinini ikaja. Ikaja, mwanangu! Ilikuwepo mahali siku zote, na dada yangu yuko ardhini.

Ungedhani tulijifunza. Juzi nimekwenda kuchukua dawa yangu ya presha, kijana wa dirishani ananiambia, "Imeisha, mama, kanunue." Na ninyi wanangu mkafanya nini? Mkafungua grupu ya WhatsApp mkachangishana! Mkanitumia na picha za mikono inayoomba. Nilitaka kuitupa simu chooni. Kodi mnalipa kwenye sabuni, kwenye petroli ya boda, hata kwenye hiyo bando ya kuchangishana. Dawa hiyo mlikwisha kuinunua. Mnainunua tena, halafu mnasema asante. Loo!

Sikukatazi kuchanga. Mgonjwa hangoji mkutano. Lakini ukishanunua, rudi. Usimtukane nesi, naye amekalishwa mbele ya kabati tupu. Nenda kwa aliyepaswa kuagiza, umuulize aliagiza nini, aliagiza lini, na kama pesa haikutosha, ni nani aliyeikata. Siku ya mkutano wa bajeti pale gombolola, kwenye ofisi za serikali ya hapa kwetu, nenda; kahawa itakungoja shambani. Lori la dawa likija, simama pale makasha yakifunguliwa. Na usiende peke yako, watakuzungusha. Nendeni kama mnavyokwenda kubeba mgonjwa, kila nyumba itoe mtu.

Ile machela ninayo, iko pale juu ya meko, mianzi imekaushwa na moshi. Inaweza kumteremsha mkeo kabla hata haijaniteremsha mimi. Mtatubeba, najua, na mtatubeba vizuri. Wakiwaambia dawa hakuna, mmoja akimbie dukani, nanyi wengine msikae barazani mkingoja kama tulivyongoja sisi. Iwekeni machela mlangoni pa ofisi, mgonjwa akiwa bado anapumua.

Mungu akupe mabega ya kubeba wenzako, mwanangu, na mdomo wa kuwasemea. Mkeo ajifungue salama, na akizaa msichana, mwite Biira.