Jiwe Nililoagiza Lioshwe

Tulikuwa wanne katika chumba cha mikutano: meneja wa visima vya mafuta, mhandisi wa pampu tuliyemwita Presha, Bibi Maabara aliyepima mawe ya visima, na mimi, mwalimu wa chuo niliyeazimwa kuwa mshauri.

Maji tuliyoyatia rangi nyekundu na kuyasukuma ardhini Jumatatu, ili yayafukuze mafuta kuelekea kisima cha pili, yalikuwa yametokea huko Jumatano, mekundu vilevile.

Mafuta hakuna.

Kule chini ni mwamba wa chokaa wenye nyufa. Maji hupita kwenye nyufa kama mtu anayekwepa foleni, na mafuta hubaki yamejibanza katika vitundu vya jiwe.

Presha alitaka pampu iongezwe nguvu. Nilimweleza kwamba angeongeza mbio tu. Jiwe liachwe linywe maji taratibu, nalo litatema mafuta.

Ushahidi nilikuwa nao: kipande cha mwamba huo kilitema mafuta ndani ya chupa ya maji kwa siku tatu. Wakubwa walishapendezwa. Ilibaki saini yangu kwenye ripoti, na mkataba wangu ungeongezwa miaka miwili.

Ndipo Bibi Maabara akaweka chupa nyingine mezani. Jiwe la kisima kilekile, siku ya tisa. Maji maangavu, hata tone la mafuta halikuelea.

"Mwalimu, lile lililokunywa uliniagiza nilioshe kwa dawa, kisha nilijaze mafuta upya. Hili sikuliosha; bado lina utando wa mafuta liliotoka nao ardhini. Maji halitaki."



Miaka kumi na moja nimefundisha kwamba jiwe huoshwa kabla ya kupimwa. Usafi wangu ndio uliotudanganya.

Presha aliniuliza kama chuoni huwa tunaosha na majibu ya mitihani.

Meneja hakucheka. Aliinuka, akafunga mlango, akashauri chupa ya pili imwagwe, nani angejua?

"Saini, ndugu yangu. Una watoto wanaosoma."

"Ninao. Na wengine mia mbili niliowafundisha kosa hili."

Bibi Maabara akanisogezea kalamu. "Mficha uchi hazai, mwanangu."

Ndugu msomaji, jibu linalokupendeza ndilo la kupimwa mara mbili. Nilijifunza hilo nikiwa nimeshika kalamu. Niliigeuza ripoti, nikaandika kosa langu mgongoni mwake, nikawasomea wote.

"Sisaini," nikawaambia. "Pampu ya maji inazimwa leo. Kesho tunajaribu gesi, isiyongoja jiwe liinywe, kwa jiwe ambalo halijaoshwa. Likitema, tutaiingiza gesi kisimani kutokea juu, polepole, iyashushe mafuta hadi chini yanakochotwa. Anayetaka kunifukuza anifukuze, lakini chupa hii haimwagwi."